Kobe Havunjiki Tena

Jumamosi, 1 Machi

Nimempeleka Kobe mawe­ni leo. Mara ya kwanza bila mdogo wangu. Mwenyekiti wa klabu ya magari alikuwa anapiga simu tangu juzi, anasema gari likikaa kabatini grisi inaganda, na mtu naye hivyo hivyo. Nikaona nikikataa atapiga tena. Nikaenda.

Kobe ni gari la rimoti. Urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na matairi makubwa kuliko mwili. Hana mbio. Kazi yake kupanda mawe, polepole, jiwe hadi jiwe, bila kupinduka. Hata sijui namweleza nani, kitabu hiki nasoma mwenyewe.

Wapanda mawe ni watu wazima, wengi wastaafu. Wanasimama juani nyuma ya kiwanda cha matofali, rimoti vifuani, kimya kama wako kwenye mtihani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa udereva. Mpaka leo akiendesha kigari chake mguu wa kulia unakanyaga breki hewani!

Mimi si dereva. Tairi lilikwama kwenye ufa, nikabana rimoti hadi mwisho — tak! Propela ya nyuma, kile kijiti cha plastiki kinachopeleka nguvu kwenye matairi, imejisokota kama kamba.

Nikarudi, nikamweka Kobe mezani jikoni, mchanga ukamwagika kote. Mdogo wangu akatoka chumbani kwa Mama. Bado kavaa sweta la Mama. Hakusalimia. Aligeuza gari tumbo juu, akatazama, akasema nilimlazimisha. Akachukua bisibisi.

Amekula mkate wote uliokuwa mezani. Sidhani kama alijua anakula.

Jumapili, 2 Machi

Shangazi amekuja. Dada yake marehemu baba, na mdomo wake hauna breki. Anasema watu wanasema. Binti gani anamzika mama yake mwezi wa kwanza huku anagawa viti na kuuliza nani hajapata maji? Hata chozi la kuonyesha watu!

Nilimmiminia chai. Kwenye kliniki ya meno jirani na kazini kwangu, daktari akimchoma mtu sindano ya ganzi, mtu anaweza kujiuma mdomo mpaka utoke damu asijue. Mimi niko hivyo. Ila sindano yangu haiishi.

Mdogo wangu hakutoka chumbani. Sahani imerudi kama ilivyokwenda.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Meno, meno, meno. Natengeneza meno bandia, sijawahi kuchoka na kazi hii, na leo pia sikuchoka. Sikufurahi, sikuchoka. Daktari analeta vipimo, mimi natoa meno.

Meno mapya ya Mama bado yako rafuni, juu ya plasta yake, yameshikwa na nta tu, hayajapikwa yawe na ufizi wa plastiki. Yamebandikwa karatasi yenye neno moja: Mama. Ya zamani yalianza kumlegea alipokonda, tukampima upya, halafu akaondoka. Na ufizi wake una kikopo chake mwenyewe, unga wa plastiki niliochanganya kwa mkono wangu: waridi, na kahawia kidogo. Fizi za Mama zilikuwa za giza giza. Waridi la dukani lingemfanya acheke kwa mdomo wa kuazima.

Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza ayatupe? Nikasema ayaache. Basi.

Yale ya zamani tulimzika nayo. Glasi yake ipo bafuni, tupu. Mdogo wangu ndiye aliyeyasugua kila asubuhi, miaka yote miwili ya ugonjwa, kwa mswaki mdogo, mpaka kwenye mifereji ya nyuma. Aliacha kazi ya kutengeneza lifti akae na Mama, mimi nikabaki na kazi yangu ya kuleta mshahara. Asubuhi hii nimekuta glasi imesuuzwa. Ina maji masafi. Sikuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Propela sasa za chuma, mbele na nyuma. Mwenyekiti ndiye muuza vipuri wetu, buti la gari lake ni duka. Aliniambia weka chuma, dada, usahau.

Nikasahau kwa muda wa jiwe moja. La pili — krrrr. Propela nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini gia za ndani ya ekseli zimepukutika meno. Nguvu iliyokuwa inaishia kwenye plastiki ya propela sasa inapita moja kwa moja na kumkuta anayefuata.

Mimi nilipaswa kujua. Mtu akiwekewa jino gumu la kauri juu, jino lake mwenyewe la chini ndilo linaloanza kulika. Kila wiki naliona hilo kazini. Kwenye Kobe sikuliona.

Mezani mdogo wangu alimwaga vipande vya gia juu ya gazeti, akavipanga. Alinionyesha: jino hili limekatika, hili limelika tu, hili lilikuwa linaelekea huko. Alisema maneno mengi kuliko wiki nzima. Alikula viazi, akaomba chumvi. Akarudi chumbani na harufu ya grisi.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna kitu. Mvua. Hakutoka. Hakula.

Jumamosi, 29 Machi

Gia za ekseli za chuma. Vipande vya shaba kwenye magurudumu, ili azidi uzito chini, asipinduke. Leo imeungua mota ya usukani. Harufu ya plastiki iliyoungua. Bila shaka! Matairi yamekuwa mazito, mota ya kuyageuza bado ile ile ndogo.

Mwenyekiti ananipa pole kama nimefiwa tena. Mzee mmoja akasema gari hili ni kama nyumba ya kupanga, ukiziba hapa linavuja pale. Walicheka. Mimi nilitoa meno nje, ndiyo kucheka kwangu siku hizi.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa mezani kabla sijavua viatu. Nadhani alikuwa anasikiliza geti. Akafungua mota, akainusa, akacheka — ndiyo, alicheka — akaniuliza kama Mwenyekiti bado anakanyaga breki. Nikasema bado. Akaoga jioni! Nimeandika kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho.

Alipomaliza aligonga kwa kidole gia kubwa ya giaboksi, ile ya katikati, ya plastiki, iliyokuja na gari kutoka dukani.

"Hii usiiguse, Dada. Hii iache ivunjike. Ikivunjika hii, mengine yanapona."

Nikaitikia. Nilikuwa naosha vyombo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwenyekiti kapita kazini na zawadi kwenye mfuko wa khaki. Gia kubwa ya chuma. Anasema plastiki hiyo ndiyo uchawi wote uliobaki ndani ya Kobe, tukiitoa tumemaliza. Hataki kitu, kanipa tu. Mtu mwema sana yule, na kelele zake.

Nilikumbuka alichosema mdogo wangu. Lakini nimemtazama pia wiki hii. Macho yamezama. Skrubu ndogo zinamponyoka. Kila Jumamosi namletea kazi juu ya uchovu. Mtu huyu alimgeuza Mama kitandani miaka miwili, mimi bado namletea vya kutengeneza? Apumzike.

Nimeifunga mwenyewe, alipokuwa amelala. Ile ya plastiki ilikuwa imekwisha, nimeitupa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kobe amepanda Jiwe la Mkwe!

Ndiyo jina lake. Jiwe la mwisho, halina pa kushika, na ukiliendea bila adabu linakurudisha ulikotoka. Hakuna aliyelipanda mwaka huu. Mimi, nisiyejua kuendesha, nilibana rimoti na Kobe akapanda kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti akanishika mkono, haniachi.

Nilijaribu kufurahi. Nilijua mahali ambapo furaha hukaa, nikapapasa, sikuikuta.

Nilimweka Kobe mezani. Nikamwaga mchanga makusudi kidogo. Nikasema kwa sauti kwamba hakuna kilichovunjika. Mlango haukufunguka.

Vizuri, nikawaza. Apumzike.

Jumapili, 13 Aprili

Sahani imerudi.

Jumanne, 15 Aprili

Imerudi.

Jumamosi, 19 Aprili

Kobe mzima. Mawe yote. Wazee wameanza kumchoka, si wa kuhurumiwa tena.

Nilifungua giaboksi mwenyewe nisafishe. Grisi imekuwa ya kijivu. Niliisugua kati ya vidole — unga wa chuma, laini kabisa. Chuma kinakula chuma humo ndani. Hakuna kinachokatika, hakuna kinachopiga kelele. Meno yanakuwa membamba tu. Nimefuta, nimeweka grisi mpya, nimefunga.

Mdogo wangu hanywi hata chai. Nikifungua mlango amelala anatazama ukuta, sweta hadi kidevuni. Nikiongea naye anasema "ee." Nimemwambia Kobe kapanda Jiwe la Mkwe. "Ee."

Glasi ya bafuni ina vumbi.

Jumapili, 27 Aprili

Shangazi aliingia chumbani, akatoka amenyamaza. Shangazi, kunyamaza! Akaketi jikoni, akavua miwani, akasema yule kijana anaisha na mimi namwangalia. Anamchukua. Jumapili ijayo anakuja na gari. Kwake kuna hospitali karibu yenye daktari wa mambo hayo, na kuna watu ndani ya nyumba mchana kutwa, si nyumba yenye mtu mmoja aliye kazini na mwingine ukutani.

Nilitaka kusema hapana. Nikatafuta sababu. Sina. Ana haki. Kwa Shangazi ni safari ya siku nzima, na watu wanaokwenda kutibiwa kwa watu huwa wanapatiwa kitanda, halafu kazi ndogo ndogo, halafu huko ndiko kwao.

"Kama una neno, mwanangu, liseme sasa," Shangazi akaniambia. "Nikishamchukua usije ukaniambia."

Nilimpakia ndizi kwenye mfuko, nikamsindikiza. Akiondoka mdogo wangu nitabaki na nani? Najiuliza swali hilo kama naulizwa na karani. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba siogopi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mpini wa sufuria kubwa umeng'oka. Nilikuwa nimeibeba, imejaa maji, ikaanguka sakafuni — mshindo wa ajabu, maji hadi mlangoni.

Na mlango ukafunguka.

Alisimama hapo, miguu mitupu ndani ya maji. Hakunitazama mimi. Hakutazama sufuria. Alitazama juu ya meza, alipo Kobe.

"Amevunjika?"

Alivyouliza! Kama mtu anayeuliza kama mgeni wake amefika.

Nikasema hapana, ni sufuria. Kobe mzima. Akasema "ee." Akarudi. Nimesikia kitanda kikilalamika.

Nilikaa sakafuni kwenye maji muda mrefu. Propela — alikula mkate. Ekseli — viazi, akaomba chumvi. Usukani — akaoga. Mimi nikamfungia yote kwa chuma, moja baada ya jingine, kwa mapenzi mema, hadi hakuna tena kinachomwita mezani. Mjinga mimi! Na alinionya kwa mdomo wake.

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi nilimpigia Mwenyekiti. Nataka gia kubwa ya plastiki. Akacheka mpaka akakohoa. Nani siku hizi anauza plastiki, dada? Kila mtu anataka chuma. Ataagiza, itachukua mwezi.

Sina mwezi. Nina hadi Jumapili.

Basi nikafanya ninalolijua. Nilikwenda na gia ya chuma kazini. Nikaizamisha kwenye plasta kama navyozamisha meno, nikaitoa, ikabaki nafasi yake, kila jino na shimo lake. Nikanyoosha mkono rafuni kuchukua unga wa ufizi. Mkono ukachukua kikopo cha Mama.

Sikupanga. Kilikuwa karibu? Hakikuwa karibu. Kiko nyuma, ilibidi nisogeze vitu.

Nilichanganya, nikashindilia kwenye plasta. Unga ukabaki. Na meno ya Mama yako pale juu, yananingoja toka mwezi wa kwanza. Nikayazika nayo kwenye plasta, nikayeyusha nta, nikajaza unga huo mahali pake. Nikapika vyote pamoja, sufuria moja. Mwenzangu aliona, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Jioni nilivunja plasta. Gia mbili — nilipiga mbili kwenye plasta moja, mazoea ya kazi. Na meno. Nikayang'arisha meno kama ya mteja anayekuja kesho. Yanapendeza. Nimeyaweka kwenye kikopo chenye maji, kwenye droo yangu.

Macho makavu tu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemvunja.

Giaboksi ina gia ya rangi ya fizi za Mama, na hakuna anayejua ila mimi. Mawe ya kwanza alipanda vizuri, ukweli gia ni safi, nilianza kuogopa ni imara mno. Kwenye Jiwe la Mkwe tairi la mbele likashika, la nyuma likazama ufani. Nikabana rimoti hadi mwisho. Mwenyekiti akaanza kupiga kelele niachie, niachie, mguu wake unakanyaga breki kama anataka kutoboa ardhi! Sikuachia. Tak.

Mota ikazunguka bure, inalia. Kobe kakaa kimya juu ya jiwe. Mwenyekiti akanipa pole. Nikasema asante sana, na nadhani nilisema kwa furaha kupita kiasi, maana alinitazama.

Nyumbani nilimtua mezani kwa kishindo. Mchanga. Nikasema amevunjika, giaboksi, sijui ni nini. Nikaweka bisibisi, gazeti, mkate, mayai.

Hakutoka.

Nilingoja hadi mayai yakapoa. Nikagonga mlango nikasema tena. Ndani kimya. Mkoba wake uko tayari chini ya dirisha, Shangazi alimwambia kwa simu apange nguo, naye kapanga. Kila kitu kimekunjwa vizuri.

Nimechelewa. Niandike hivyo hivyo. Nimechelewa.

Jumapili, 4 Mei

Naandika mezani jikoni. Shangazi anadhani naandika namba ya simu ya hospitali.

Alifika mapema, baada ya kulala njiani, na dereva wa kukodi. Akaingia moja kwa moja chumbani. Mdogo wangu akatoka nyuma yake na mkoba begani, sweta limefungwa vifungo vyote. Mpole kabisa. Hata viatu alikuwa amevaa. Kutoka chumbani kwa Mama hadi mlango wa nje lazima upite jikoni.

Akapita meza. Akasimama.

Nadhani ni mchanga. Hajawahi kuuvumilia mchanga kwenye gia. Akaupuliza. Kisha akamgeuza Kobe tumbo juu, akazungusha tairi kwa kidole, akasikiliza. Akazungusha tena. Mkoba ukateleza begani hadi kwenye kiwiko, akauacha udondoke.

Shangazi akasema gari linangoja, baba. Mdogo wangu alikuwa ameshavuta kiti.

Skrubu nne. Akainua kifuniko cha giaboksi, akakivuta kipande cha kwanza, akakifuta grisi kwa mkono wa sweta. Akakileta dirishani. Nilijua atauliza ni nini hii, nilikuwa na jibu tayari kuhusu Mwenyekiti na agizo la mwezi mzima.

Hakuuliza. Alikigeuza kwenye mwanga, upande huu, upande huu. Kidole gumba kikapita juu yake taratibu, kikaingia kwenye vifereji, kama kinatafuta kilichobaki.

"Hii rangi naijua," akasema.

Shangazi alikuwa na ufunguo wa mlango mkononi, tayari kumfungulia, akasimama.

"Yale mapya yalikwisha, Dada?"

Miezi yote hii hakuwa ameuliza. Mama alikuwa anamuuliza yeye kila asubuhi, yamekwisha? Na yeye ananiuliza mimi, na mimi nasema bado kidogo.

Nikasema yamekwisha. Jumanne. Nikasema ni mazuri. Sauti yangu ikakatika hapo kwenye mazuri, nikashangaa, nikaishika meza.

Alikaa na kile kipande kwenye kiganja. Nje dereva akapiga honi. Shangazi akamtazama, akanitazama, akaketi kwenye kile kiti kibovu karibu na jiko, ufunguo bado mkononi.

"Yalete nyumbani," mdogo wangu akasema. "Yasikae huko na ya watu." Halafu, bila kunyanyua kichwa: "Una nyingine kama hii?"

Ninayo. Ipo mfukoni mwa aproni tangu Jumanne. Nimeiweka mbele yake juu ya gazeti. Ameitazama muda, akaipaka grisi.

Honi tena.

Mayai ya jana yapo kwenye sahani, baridi, yamejikunja. Amevuta sahani bila kutazama, anakula kwa vidole vyenye grisi. Mkoba uko sakafuni katikati yake na Shangazi. Hakuna aliyeuokota. Hakuna aliyesema anakwenda au hakwendi.

Uso wangu umelowa, naona karatasi inaharibika hapa. Na nasikia njaa. Njaa ya kweli, ya tumbo! Nimechukua yai moja kutoka sahani yake, hakukataa. Anasema nishike ekseli hapa, nisilazimishe, nishike tu. Shangazi anainuka. Sijui anaenda kuokota mkoba au kumwambia dereva aende zake. Naweka kalamu, nishike.